Boti ndogo ya alumini Lamu: tumbo bapa au tumbo la V? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mvuvi au mwenye chombo anayelinganisha boti mbili za alumini za futi 14 hadi 16, moja ya tumbo bapa na nyingine ya tumbo la V. Majibu yanafuata maji ya Lamu: mikondo (vijito) ya mikoko, milango ya kutokea bahari kuu, pepo za kusi na kaskazi, bamvua (maji makubwa) na maji mafu. Wa Malindi ana swali lake huko chini, maana bahari yake ni nyingine.

Tofauti yake hasa ni ipi?

Boti ya tumbo bapa imelala sawa chini, ubavu hadi ubavu, na mara nyingi omo yake, yaani mbele, imekatwa mraba. Ya tumbo la V ina omo iliyochongoka na mstari wa katikati ulioshuka kuliko kona za ubavuni.

V nazo si moja. Pembe hupimwa tezi, yaani nyuma ya boti, si omo. Bapa ni nyuzi 0, nusu V ni kama 5 hadi 12, na V ya kina ni 18 hadi 24. Boti nyingi ndogo za alumini zinazouzwa kwa jina la V zimechongoka mbele tu, na kufika tezi zimeshakuwa karibu bapa. Muuzaji akikwambia "hii ni V", zunguka nyuma uiname uangalie mwenyewe. Weka boti sawa kwenye magogo, shika rula ndefu chini ya tumbo karibu na tezi, kutoka mstari wa katikati kwenda ubavuni, kisha ulaze simu yenye programu ya kupima mwinamo juu ya rula. Usomaji huo una maana kuliko jina lolote lililoandikwa ubavuni.

Kwenye boti za Marekani za tumbo bapa utakuta namba kama 1448. Maana yake ni futi 14 za urefu na inchi 48 za upana wa tumbo, si upana wa juu.

Ninavua ndani ya mikoko tu, kaa na mkizi. Ninunue ipi?

Bapa, bila kusita. Sababu ni kina. Chukua boti ya 1448: sehemu ya tumbo inayogusa maji ni kama mita 3.9 kwa 1.2, yaani mita za mraba 4.7. Kila kilo 100 unazopakia zinaizamisha sentimita 2 tu na kidogo. Bodi yenyewe ikiwa kilo 100 na mzigo wote kilo 480, inakaa kwenye maji ya sentimita 12 hivi. V ya urefu huohuo yenye mzigo huohuo itataka sentimita 25 au zaidi, na bado mguu wa mashine, ile sehemu inayozama yenye propela, haujahesabiwa.

Bamvua la Lamu hukausha maji sana kati ya asubuhi na adhuhuri, na baada ya saa sita nyingine yanakuwa yamejaa. Ukichelewa kutoka mkondoni, sentimita 12 zile ndizo zinazoamua kama utarudi na kaa wazima au utalala kwenye matope ukingoja maji. Na ukikwama, bapa hukaa wima. V hulala ubavu, na kila kilichokuwa ndani kinahamia upande wa chini.

Ubaya wake mmoja huko ndani ni kwamba tumbo bapa hunyonywa na matope. Maji yakianza kujaa, usiivute moja kwa moja kwa mashine. Simameni wawili, mmoja kila ubavu, muibembeze kulia na kushoto hadi maji yaingie chini, ndipo msukume. Mashine ikifunguliwa kwa nguvu kwenye matope hunyonya tope kwenye pampu ya maji, na kipande cha mpira kilicho ndani ya pampu huungua kwa dakika chache.

Na nikitoka mlango wa Shela?

Hapo jibu linageuka.

Mlango wa kati ya Shela na Ras Kitau unafunguka kuelekea bahari kuu. Wakati wa kusi upepo unaingia, na maji yakipwa mkondo unatoka. Viwili hivyo vikikutana mawimbi hufupika na kusimama wima, hata kama upepo si mkali. Saa mbili baadaye, mkondo ukitulia, palepale panaweza kupitika bila hofu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza boti gani, uliza unapita saa ngapi.

Boti bapa kwenye mawimbi mafupi ya kukabili hupiga. Kila wimbi ni kofi kwenye karatasi pana ya chini, na baada ya miezi kofi hizo hulegeza ribiti za mbele, zile pini zinazounga karatasi za alumini. Ukipunguza mwendo ili isipige, omo yake pana huanza kuchota. Ukiwa na mawimbi ya nyuma, hatari ni kubwa zaidi: boti inateremka mbele ya wimbi, omo ya mraba inaingia kwenye wimbi la mbele, na ndoo kadhaa za maji zinakuwa ndani kabla hujageuza shingo. Ikikubidi kupita hivyo, hamisha uzito nyuma, usilipite wimbi lililo mbele yako, kaa mgongoni mwake hadi livunjike.

V hukata. Bado utalowa, lakini mgongo wako na ribiti zitapona. Pia hushika njia. Bapa isiyo na mkuku (uti wa chini) huteleza kando kwenye kona na kusukumwa upande wa demani, upepo unakoelekea, hata ukiwa umeelekeza omo sawasawa.

Kipimo tunachokitumia ni kimoja: chagua boti kwa nusu saa mbaya kuliko zote kwenye safari yako, si kwa mahali unapotupa nyavu. Mtu anayevua saa tano ndani ya mkondo uliotulia lakini kila siku anavuka mlango kurudi nyumbani ni mtu wa V.

Lakini bapa si ndiyo imetulia zaidi?

Imetulia ikiwa imesimama na mzigo uko katikati. Wavuvi wawili wanaweza kusimama upande mmoja kuvuta nyavu na haitainama sana. Ndiyo maana wa kimia na madema huipenda.

Tatizo ni kwamba haikuonyi. V huinama mapema, ukaihisi, ukarudi katikati. Bapa hushikilia, hushikilia, kisha kona ya upande mmoja ikizama na ya pili ikitoka majini, inapinduka ghafla. Mahali pa kawaida pa ajali ya namna hii ni pale watu watatu wanapokimbilia ubavu mmoja kumpandisha taa au papa, na maji ya ngama, yaliyotuama chini ndani ya boti, yanakimbilia hukohuko. Sentimita tano za maji kwenye boti ya 1448 ni zaidi ya kilo 200 zinazotembea. Fua maji kabla ya kuvuta samaki mkubwa.

Mashine ya nguvu gani?

Ikiwa boti ina kibao cha kiwandani cha uwezo wake, fuata kibao. Kama kimeng'oka, kanuni ya Marekani kwa boti ndogo inayoendeshwa kwa mkono wa mashine, bila usukani, ni hii: zidisha urefu kwa upana wa tezi, vyote kwa futi. Jibu likizidi 52, kwa tumbo bapa lenye kona kali chukua nusu yake utoe 15. Kwa tumbo jingine zidisha kwa 0.8 utoe 25. Kisha panda hadi namba ya karibu inayogawanyika kwa 5.

Boti ya futi 14 yenye tezi ya futi 5 inatoa 70. Bapa: 35 kutoa 15 ni nguvu farasi 20. V: 56 kutoa 25 ni 31, unapanda hadi 35. Tofauti hiyo inatokana na tabia ya bapa kuteleza kwenye kona, ambapo mashine kubwa humrusha nahodha nje.

Hicho ni kikomo, si lengo. Bapa ya futi 14 yenye watu wawili huinuka na kuteleza juu ya maji kwa 15 bila shida. V ya ukubwa huo itataka 20 au 25 kwa mzigo uleule, na hapo ndipo petroli inapokula faida yako. Ukiendesha V kwa mashine ndogo isiyoweza kuiinua, unasukuma maji tu na kuchoma mafuta. Kwa safari yoyote ya nje, gawa tangi kwa tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiiguse.

Mguu mfupi au mrefu?

Pima tezi kutoka ukingo wa juu hadi chini ya tumbo katikati. Sentimita 38 ni mguu mfupi, 51 ni mrefu. Bapa nyingi ni za 38, na huo ndio udhaifu wao mkubwa nje ya mkondo, kuliko hata kupiga. Ukipunguza mwendo ghafla, wimbi lako mwenyewe linakufikia na kupanda juu ya tezi.

Kibamba kilichoko juu ya propela kiwe sawa na chini ya tumbo au sentimita 2 na nusu chini yake. Kikiwa juu sana propela hunyonya hewa na mashine inapiga kelele bila kwenda. Kikiwa chini sana boti inaburuta na maji yanaruka juu ya mashine.

Inabeba watu wangapi, na barafu je?

Hesabu ya haraka ya watu: urefu kwa futi mara upana kwa futi, gawanya kwa 15. Futi 14 kwa 5 na nusu ni 77, kwa hiyo watu 5. Lakini hiyo ni ya maji yaliyotulia na watu bila mzigo. Mvuvi afanye hesabu ya kilo:

Watu watatu 225. Mashine ya 15 kama 40. Petroli lita 25 na tangi lake, 22. Barafu 50. Nyavu iliyolowa 50. Nanga, mnyororo na kamba yake, 13. Samaki wa kurudi nao, tuseme 80. Jumla 480. Wale 80 wa samaki ndio watu wanaowasahau, ilhali wanaingia wakati wa kurudi, upepo wa mchana umeshapanda.

Baada ya kupakia, pima kutoka maji hadi ukingo wa chini kabisa, ambao karibu daima ni tezi. Ndani ya mikoko sentimita 25 zinatosha. Kuvuka mlango, usikubali chini ya 35.

Ya ribiti au ya kuchomelewa?

Ya ribiti ni nyepesi, hutengenezwa kwa karatasi ya milimita 1.3 hadi 2, na fundi yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kuirekebisha hapahapa. Ya kuchomelewa kwa kawaida ni nene zaidi, milimita 2.5 hadi 4 chini, haina matundu elfu ya kuvuja, lakini ikipasuka inataka fundi wa alumini mwenye mashine ya gesi ya agoni.

Kwa bapa ya mikoko, ribiti zinafaa. Kwa V ya kupiga mawimbi kila siku kwenye chumvi, lipa zaidi uchukue ya kuchomelewa, milimita 3 chini. Uliza pia aina ya alumini. 5052, 5083 na 5086 ni za baharini. 6061 hutumika sana kwenye vyuma vya umbo maalum, kama mataruma (mbavu za ndani) na kingo. Muuzaji asiyejua namba ya karatasi aliyouza ameshakujibu.

Ninakagua boti kuukuu. Niangalie nini?

Anza na maji. Iweke juu ya magogo, ziba kizibo, jaza maji ndani hadi yafunike mataruma, kisha lala chini na kalamu ya wino usiofutika. Kila tone, duara. Ngoja nusu saa, maana ribiti nyingine huchelewa. Usijaze hadi ukingoni: magogo mawili hayawezi kubeba uzito huo bila kupinda tumbo.

Halafu tazama madoa. Mstari mweusi unaotoka kichwani mwa ribiti unaonyesha kwamba inacheza kwenye tundu lake. Unga mweupe ni kutu ya alumini. Ukiukwaruza ukakuta vishimo, pima kina chake kwa ncha ya msumari. Kishimo kilichofika nusu ya unene wa karatasi ni tundu lililochelewa tu. Nyufa zitafute kwenye pembe mbili za tezi, chini ya viti, na penye kila taruma.

Ubao wa tezi: mashine ikiwa imefungwa, shika mguu wake chini uunyanyue na kuusukuma. Tezi ikicheza, ubao wa ndani umeoza. Kuubadilisha si kazi ngumu, lakini mbao za dukani zilizotiwa dawa ya shaba dhidi ya wadudu zinakula alumini inayogusana nazo. Tumia plaiwudi ya baharini ya milimita 38 hadi 44, uifunge pande zote na ndani ya matundu yote kwa epoksi.

Mwisho, uzito. Chini ya viti na sakafu kuna povu la kuelea, na povu kuukuu hunywa maji. Chukua mizani ya kuning'iniza ya samaki, nyanyua omo hadi itoke chini kidogo usome, shusha, nyanyua tezi usome, ujumlishe. Ikizidi uzito wa kiwandani kwa kilo 30 na hakuna kilichoongezwa, unanunua maji.

Chumvi haitaila?

Alumini ya baharini ikiachwa peke yake hujilinda yenyewe kwa ngozi nyembamba inayojijenga kwa hewa. Kinachoiua ni kampani mbaya. Na Lamu ina kampani mbaya ambazo vitabu vya nje havizitaji.

Deheni ni ya kwanza. Chombo cha mbao hupakwa mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Alumini usiipake kabisa, kwa sababu chokaa iliyolowa huila ile ngozi na kuingia ndani. Kwa sababu hiyohiyo, boti ya alumini haifai kubebea saruji wala chokaa ya ujenzi. Mfuko mmoja ukipasuka kwenye ngama yenye maji, osha siku ileile hadi pembe zote, ukisugua kwa brashi. Pia kuchoma chini kwa moto wa makuti, ambako kwa mbao ni dawa ya wadudu, kwa alumini ni kuilegeza. Wadudu watobozi hawaigusi, basi huna cha kuchoma.

Shaba na risasi. Rangi ya chini ya kawaida ya kuzuia chaza na mwani ina shaba, na ikipakwa juu ya alumini inatengeneza betri ndani ya maji ya chumvi. Alumini ndiyo inayoyeyuka. Boti inayopandishwa ufukweni kila siku haihitaji rangi hiyo. Inayolala majini ipakwe tabaka za epoksi kwanza, zianze kupakwa muda mfupi baada ya kukwaruza kwa msasa, kisha rangi isiyo na shaba. Vipande vya risasi vya mishipi, sarafu, vipande vya waya wa shaba: visibaki kwenye ngama. Kimoja kilichonasa chini ya taruma kitatoboa tundu la umbo lake.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kati yake na bodi weka wosha ya nailoni au gundi ya poliyurethani. Skrubu za shaba, hapana.

Zinki. Funga vipande viwili tezi, chini ya mstari wa maji, vigusane na alumini tupu, na usivipake rangi. Vikiliwa nusu, badilisha. Baharini tumia zinki au alumini ya kujitoa mhanga. Ile ya magnesiamu ni ya maji baridi na huisha haraka mno kwenye chumvi. Zinki isiyoliwa hata kidogo baada ya miezi mingi si habari njema. Maana yake haigusani vizuri, na bodi inaliwa badala yake.

Umeme: kila taa na pampu iwe na nyaya mbili zinazorudi kwenye betri. Usitumie bodi kama waya wa kurudishia, hata kama kwenye gari hufanywa hivyo. Tenganisha betri boti ikilala.

Na vitu vinavyoshika unyevu. Zulia au povu lililolowa likilala juu ya alumini huzuia hewa, na chini yake vishimo huanza. Ukitaka kupunguza kelele, tumia mkeka wa mpira unaotoka, uutoe kila siku.

Maji ya kuoshea ni taabu kwa wengi, tunajua. Madumu mawili ya lita 20 yanatosha: moja kwa bodi ya ndani kwa kikombe na brashi, jingine kwa kuendeshea mashine kwenye ndoo ndefu au pipa lililokatwa, maji yakiwa juu ya kile kibamba cha juu ya propela, gia ikiwa katikati, dakika tano.

Ribiti zinavuja. Nizibe kwa nini?

Si kwa kalafati, na si kwa silikoni inayonuka siki, maana asidi yake hula alumini.

Ribiti iliyolegea tu inagongwa upya: mmoja anashika nyundo nzito au kipande cha chuma nje dhidi ya kichwa, mwingine anagonga mkia ndani kwa mapigo mafupi. Mapigo matano sita. Ukizidisha unaipanua karatasi na kuharibu jirani zake. Ribiti iliyokatika au tundu lililopanuka: toboa kichwa kwa kekee inayolingana, isukume itoke, safisha, paka poliyurethani tunduni, weka mpya ya alumini. Nyingi za boti ndogo ni za inchi 3/16, yaani milimita 4.8. Ukiwa peke yako na hufikii ndani, tumia ribiti za kuvuta, lakini zile zilizozibwa mwisho. Zile za kawaida zenye tundu katikati zitavuja, na msumari wake wa chuma utashika kutu.

Zikivuja zaidi ya ishirini kwenye mstari mmoja, tatizo si ribiti. Taruma limepasuka, au boti inaendeshwa kwa kasi isiyo yake.

Fundi wa mageti anaweza kuichomelea?

Kwa fimbo za kawaida za chuma, hapana. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, lakini ngozi yake ya juu huhitaji zaidi ya 2,000, kwa hiyo asiyeizoea huona juu pamekaa sawa na ghafla chini pamedondoka. Inataka agoni, waya wa 5356 au 5183, na brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Kama hamna hapo, ni heri kuipakia kwenye lori kwenda Mombasa. Wakati huo, ufa uzuie usiendelee: toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha yake, funika kwa kiraka cha alumini, poliyurethani na ribiti.

Ikijaa maji, itazama?

Yenye povu zima haizami, lakini hilo halimaanishi utakaa ndani yake. Nyingine hupinduka na kubaki tumbo juu. Fungeni kamba kando ya mkuku au kingo ambayo mtu anaweza kuishika boti ikiwa imepinduka. Tumbo bapa la alumini lililolowa halina pa kushika. Majaketi yavaliwe kabla ya mlango. Yaliyofungwa chini ya kiti hubaki chini ya kiti.

Niko Malindi. Ushauri huuhuu?

Hapana. Malindi haina kisiwa cha kuikinga kama Manda inavyoikinga Lamu. Ukivuka mwamba uko bahari kuu, na upande wa kaskazini, mto Sabaki unapomwaga maji yake ya udongo, mawimbi huvunjikia kwenye mafungu ya mchanga yanayohama. Bapa ya futi 14 huko ni ya ndani ya mwamba tu, asubuhi, siku za matlai, bahari ikiwa shwari. Kwa nguru na jodari wa nje, hata V ya futi 14 ni ndogo. Anza futi 18, V ya nyuzi 15 au zaidi, mguu mrefu.

Jambo hilohilo linawahusu wa Kizingitini na Kiwayu wanaovua nje ya mwamba.

Kwa nini nisichukue faiba?

Kwa watu wengi, faiba ni jibu zuri: mafundi wapo, haigombani na shaba, na haipigi kelele. Alumini inashinda kwa wepesi, watu wanne wanaibeba ufukweni, na ikigonga mwamba hubonyea mahali ambapo faiba ingepasuka. Kama boti yako italala majini mwaka mzima na kubeba saruji Jumamosi, chukua faiba.

Karatasi za serikali?

Chombo cha kuvulia kinataka usajili na leseni ya uvuvi chini ya sheria ya uvuvi ya 2016, na ukaguzi wa usalama uko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Anzia ofisi ya BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya diko lako. Namba ya chombo ipakwe rangi au ibandikwe. Usipigilie kibao cha shaba.

Nina pesa ya moja tu, na ninavua kote: mikoko na nje ya Shela.

Nusu V, futi 16, nyuzi 8 hadi 12 tezi, tezi ya sentimita 51, milimita 3 chini, mashine ya 25. Ndani ya mikoko utapoteza sentimita kumi za kina, kwa hiyo utatoka mkondoni mapema kidogo. Mlangoni hutajuta.

Ukipata zote mbili za kujaribu, zijaribu siku moja, kwa mashine moja na mzigo mmoja; mifuko ya mchanga ya kilo 50 ni mizigo mizuri. Toka maji yakianza kupwa, upepo wa alasiri ukiwa umepanda, ufike karibu na mlango bila kuuvuka. Kwa kila boti fanya hivi: nenda joshi, ukikabili upepo, dakika tano kwa mwendo unaoweza kuuvumilia, geuka uende na mawimbi, kisha zima mashine ukae ubavu dakika mbili, wawili mkisimama upande mmoja kama mnaovuta nyavu. Rudi, pima petroli iliyobaki kwa chupa ya lita, na uangalie kiasi cha maji kilichomo kwenye ngama.